Kusoma Bila Kutumwa

Mwanafunzi wa sayansi ya siasa anapopokea miongozo ya kozi zake pale Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, jambo la kwanza analofanya ni kuhesabu vitabu. Plato na Aristotle wamo, Machiavelli yumo, Hobbes, Locke, Rousseau na Marx wamo, halafu wanafuata Waafrika, halafu makala za majarida zenye vichwa virefu kuliko aya. Anaapa moyoni kwamba atavisoma vyote. Haupiti muda mrefu kabla hajagundua kwamba waliomtangulia hawakuvisoma, na kwamba wengi wao walifaulu. Walisoma desa.

Desa ni muhtasari ulioandikwa na mwanafunzi wa miaka ya nyuma, au slaidi za mhadhiri, au maswali ya mitihani iliyopita pamoja na majibu yake, au kurasa za kitabu zilizotolewa kopi ya kopi mpaka maneno ya pembeni yamemezwa na weusi. Siku hizi linatembea zaidi kwenye simu, ndani ya kundi la WhatsApp la darasa, lakini jina limebaki lilelile. Na desa lina ukoo. Nimewahi kuliona moja lililomworodhesha Hobbes miongoni mwa watetezi wa demokrasia. Mtu aliyeliandika alikuwa ameshamaliza chuo, ameajiriwa, pengine ameoa, na kosa lake lilikuwa bado linajibiwa kwenye karatasi za mtihani na watu ambao hawakuwahi kumwona.

Sina dharau na desa. Kitabu kimoja kwenye rafu ya akiba maalumu, kinachoazimwa kwa saa chache, hakiwezi kuhudumia darasa la mamia. Bumu, yaani fedha ya mkopo wa mwanafunzi, likichelewa, hakuna anayenunua kitabu. Likiwahi, kuna kodi ya chumba na chakula kabla ya Rousseau. Maktaba mpya iliyojengwa kwa msaada wa China na kuzinduliwa Novemba 2018 ina nafasi ya wasomaji 2,100 kwa wakati mmoja, lakini nafasi ya kukaa ni jambo moja na nakala ya kitabu ni jambo jingine. Anayeogopa kusapu, yaani kurudia mtihani, au kudisko kabisa, yaani kuondolewa chuoni, anapiga msuli kwa kile kilicho mkononi mwake.

Tatizo langu liko kwingine. Desa linajibu swali ambalo limekwishaulizwa. Aliyeliandika alikuwa analenga mtihani fulani wa mhadhiri fulani, na msomaji wake anarithi jibu pamoja na mipaka ya swali. Kwa somo la uhasibu huenda hilo halina madhara makubwa. Kwa siasa lina madhara, kwa sababu katika siasa kazi yenyewe ni kuamua swali lipi linastahili kuulizwa. Ndiyo maana nikitaka kumjua mwanafunzi wa siasa simuulizi amesoma nini cha darasani. Namuuliza amesoma nini ambacho hakuna aliyemtuma.

Kipimo hicho sikukibuni mimi. Mlimani kuliwahi kuwa na kizazi kilichokitumia kwa ukali, na hadithi yake inastahili kusimuliwa kwa urefu kidogo.

Chuo kilianza Oktoba 1961 katika jengo la chama tawala, TANU, mtaa wa Lumumba, kikahamia kilimani mwaka 1964. Oktoba 1966 wanafunzi waliandamana kupinga masharti ya kujiunga na Jeshi la Kujenga Taifa, na Rais Nyerere akawafukuza mamia yao. Miezi michache baadaye, Februari 5, 1967, Azimio la Arusha likatangazwa. Waliobaki na waliokuja baada ya hapo walijikuta katika chuo ambacho nchi nzima inakiuliza kina faida gani, na katika mji ambao vyama vya ukombozi vya kusini mwa Afrika vilikuwa na ofisi zake mitaani. Mwishoni mwa mwaka huohuo wanafunzi wachache wakaunda chama chao cha mapinduzi, USARF, chenye Watanzania, Waganda, Wamalawi, Wasudani na wengineo. Mwenyekiti wake alikuwa kijana kutoka Ankole, Uganda, aliyekuwa akisoma uchumi na siasa, Yoweri Museveni.

Orodha yao ya vitabu inajulikana vizuri: Fanon, Lenin juu ya ubeberu, Nkrumah juu ya ukoloni mamboleo, Baran na Sweezy, Mao, na baadaye Cabral. Vingine vilikuja kwa bei ya kutupa kutoka Moscow na Peking, kwa sababu dola hizo zilijua kwamba kitabu cha bei nafuu ni balozi asiyedai mshahara. Kinachonivutia mimi ni namna walivyosoma, kuliko hiyo orodha. Walikuwa na darasa lao la itikadi siku za Jumapili, nje ya ratiba ya chuo, bila alama na bila cheti. Mtu alisoma sura akijua kwamba Jumapili ataulizwa mbele za watu, na anayeuliza huenda ni Walter Rodney, mwanahistoria kutoka Guyana aliyekuwa akifundisha hapo, ambaye hakuwa na tabia ya kumwachia mtu sentensi legelege ipite.

Novemba 1969 wakaanzisha jarida, wakaliita Cheche. Jina hilo walilichukua kwa makusudi kutoka kwa gazeti la Lenin, Iskra, na lile la Nkrumah, The Spark. Wahariri walikuwa Karim Hirji, Henry Mapolu na Zakia Meghji. Hirji alikuwa mwanafunzi wa hisabati. Issa Shivji, aliyeandika makala iliyolipa jarida hilo jina kubwa kuliko zote, alikuwa wa sheria. Nasisitiza hilo kwa ajili ya wanafunzi wa siasa wanaodhani kwamba siasa ni mali ya idara yao.

Jarida lilitolewa kwa mashine ya kudurufu. Kijana wa leo hajaiona, kwa hiyo nieleze. Unaondoa utepe wa wino kwenye taipureta, unaweka karatasi ya stensili yenye nta, unapiga herufi zenyewe zitoboe nta. Ukikosea, unapaka dawa ya kusahihishia, unasubiri ikauke, unapiga tena. Stensili inafungwa kwenye mtungi wa mashine, na kwa kila mzunguko inatoka karatasi moja yenye unyevu wa wino. Kisha kurasa zinapangwa mezani kwa mafungu, watu wanazunguka meza wakiokota ukurasa mmoja mmoja, wa mwisho anapiga pini. Mtu aliyepitisha makala ya kurasa arobaini kwa njia hiyo ameisoma kila sentensi yake mara tatu au nne, apende asipende.

Makala ya Shivji ilitoka Septemba 1970 kama toleo maalumu, ikizungumzia mapambano ya kitabaka yanayoendelea kimyakimya Tanzania. Wakati huo Azimio la Arusha lilikuwa likisomwa kama msahafu: linakaririwa, linanukuliwa, halihojiwi. Shivji alilisoma kama mwanasheria anavyosoma mkataba. Azimio lilisema njia kuu za uchumi ziwe mikononi mwa wakulima na wafanyakazi. Vema. Akaanza kufuatilia nani anamiliki hisa katika kampuni zilizo chini ya mashirika ya umma, nani amepewa uendeshaji, na faida inaelekea wapi. Akaona kwamba mara nyingi ubia na makubaliano ya uendeshaji yalimrudisha mgeni yuleyule kwenye kiti kilekile, sasa akiwa na dola kama mshirika wake. Rodney alimjibu, John Saul akamjibu, mchumi wa Hungaria Tamás Szentes aliyekuwa akifundisha hapo naye akamjibu. Kijana aliyekuwa ndiyo kwanza anamaliza shahada ya kwanza aliandika, na maprofesa wakakaa chini kubishana naye kwa maandishi.

Novemba 1970 serikali ikafungia Cheche na chama chenyewe. Sababu iliyotolewa ilikuwa kwamba Tanzania inajenga ujamaa wake na haihitaji cheche za kuazima Urusi. Mwaka mmoja kabla, Desemba 1969, Rodney mwenyewe alikuwa ameshakaripiwa na tahariri kali ya gazeti la TANU, The Nationalist, kwa hotuba aliyoitoa kwenye semina ya vijana. Wanafunzi waliendelea kwa kutumia jarida jingine, MajiMaji, chini ya tawi la Umoja wa Vijana wa TANU. Mwaka 1972 Tanzania Publishing House, kwa pamoja na wachapishaji wa London Bogle-L'Ouverture, ikatoa kitabu cha Rodney juu ya jinsi Ulaya ilivyoididimiza Afrika, chenye maneno ya mwisho kutoka kwa mwanasiasa wa Zanzibar, Abdulrahman Babu. Mwaka huohuo Babu alikamatwa baada ya kuuawa kwa Karume, kiongozi wa Zanzibar, akakaa kizuizini mpaka 1978. Huko ndani akaandika kitabu chake juu ya ujamaa wa Afrika.

Nirudi kwa Museveni, maana yeye ndiye mfano ninaoupenda na unaonisumbua. Alikuja Dar es Salaam badala ya kwenda Makerere kwa sababu alitaka kuwa karibu na Nyerere na vyama vya ukombozi. Alisoma kitabu cha Fanon juu ya ukombozi, akashikwa na hoja ya sura yake ya kwanza, kwamba mtawaliwa hurudishiwa utu wake kwa kupigana. Mwanafunzi wa kawaida angeandika insha. Yeye aliongoza kikundi cha wenzake kwenda kaskazini mwa Msumbiji, katika maeneo ambayo chama cha ukombozi cha Frelimo kilikuwa kimeyakomboa, kuangalia kama maneno ya daktari huyo wa Martinique aliyoyaandika kwa kuitazama Algeria yanasimama mbele ya wakulima wa Kimakonde. Insha yake juu ya jambo hilo ilichapishwa mwaka 1971 katika kitabu kilichohaririwa na Nathan Shamuyarira, Mzimbabwe aliyekuwa akifundisha siasa Mlimani. Wakati huo vita havikuwa mbali na rafu za vitabu. Februari 3, 1969, kiongozi wa Frelimo, Eduardo Mondlane, aliuawa hapahapa Dar es Salaam na bomu lililotegwa ndani ya kifurushi cha kitabu.

Kama zoezi la usomaji, sijaona lililo bora zaidi. Amesoma dai, amelitafutia mahali pa kulipima, amekwenda kwa miguu yake. Mhadhiri yeyote angempa alama ya juu.

Lakini kitabu cha Fanon kina zaidi ya sura moja. Sura ya tatu inahusu kinachotokea bendera ikishapanda: tabaka dogo la wenyeji linarithi viti vya mkoloni, chama kinageuka kuwa chombo cha kupeleka amri chini, na kiongozi aliyeheshimiwa wakati wa kudai uhuru anakuwa pazia la kuwafunika walafi, akiwakumbusha watu kila mwaka mambo aliyoyafanya zamani. Museveni aliingia Ikulu ya Kampala Januari 1986. Waganda waliozaliwa mwaka huo wamekuwa wazazi, na wengine wana watoto wanaopiga kura, na rais ni huyohuyo. Sidai kwamba hakuisoma sura ya tatu. Yule kijana alikuwa msomaji mwenye bidii mno kuiruka. Ninachosema ni kwamba sura ya kwanza ndiyo aliyoifungia safari, na kila msomaji wa siasa ana sura yake anayoifungia safari na nyingine anayoipitia kwa macho tu.

Kitabu hicho cha Fanon kilitafsiriwa kwa Kiswahili na Tanzania Publishing House ikakitoa mwaka 1978, kwa jina la Viumbe Waliolaaniwa. Nakala zake leo ni za kutafuta kwa tochi. Ni hasara, kwa sababu mwanafunzi wa Mlimani anasoma kwa Kiingereza, anafanya mtihani kwa Kiingereza, halafu anabishana siasa kwa Kiswahili pale kantini. Hoja nyingi hazivuki kutoka kwenye karatasi kwenda kwenye sahani ya wali maharage. Anayeweza kukusimulia Fanon au Hobbes kwa Kiswahili cha kula, bila kujishika kwenye neno moja la kitabuni, huyo amekisoma.

Baada ya kizazi cha Cheche akaja mwanafunzi wa aina nyingine. Seif Sharif Hamad wa Pemba, aliyekuja kuwa mwanasiasa mkubwa wa Zanzibar, alimaliza kidato cha sita Unguja mwaka 1963. Mapinduzi ya Zanzibar yakatokea Januari 12, 1964, na Serikali ya Mapinduzi ikamweka kwenye ualimu. Chuo kikuu alikipata mwaka 1972, akasoma siasa, utawala wa umma na uhusiano wa kimataifa, akamaliza 1975 akiwa na daraja la kwanza. Kwa miaka yote ile ya kusubiri alikuwa akiishi ndani ya somo lenyewe. Nadharia ya dola kwake haikuwa mada ya wiki ya tatu.

Kumbukumbu zake zinanifikisha kwenye kitu ambacho wanafunzi wa siasa wanakipenda kuliko vyote vilivyomo kwenye mwongozo wa kozi: tawasifu za viongozi. Hapa huhitaji kumsukuma mtu. Kitabu cha Rais mstaafu Mkapa kilipotoka mwaka 2019 na cha Rais mstaafu Mzee Mwinyi mwaka 2021, viliazimwa chumba kwa chumba na watu ambao hawakuwa wamegusa makala hata moja ya semina. Wahadhiri wengine hukunja uso. Wanasema hayo ni maneno ya watu wanaojisafisha. Ni kweli, na ndiyo sababu nzuri ya kuyasoma, ilimradi mtu ajue kwamba anasoma utetezi. Katika tawasifu ya mwanasiasa unatazama urefu wa kurasa. Jambo lililochukua miaka mitatu ya nchi likipewa aya mbili, weka alama hapo. Mkapa, kwa mfano, hakuyapita kimya mauaji ya waandamanaji Pemba ya Januari 2001. Aliandika kwamba yanabaki kuwa doa katika uongozi wake. Msomaji makini anasimama hapo, anakwenda kutafuta magazeti ya wiki ile, anaona wakubwa walisema nini moto ulipokuwa unawaka.

Tawasifu moja peke yake ni shahidi asiyehojiwa, kwa hiyo mimi nashauri zisomwe mbilimbili. Soma kumbukumbu za Edwin Mtei, aliyekuwa gavana wa kwanza wa Benki Kuu na baadaye Waziri wa Fedha, anavyoeleza alivyoachana na Nyerere mwaka 1979 juu ya masharti ya Shirika la Fedha la Kimataifa. Halafu chukua hotuba ya Nyerere kwa mabalozi Januari 1980, alipohoji tangu lini shirika hilo limekuwa wizara ya fedha ya kimataifa. Hao ni watu wawili waliokuwa chumba kimoja. Mmoja anahesabu fedha za kigeni zilizobaki, mwingine anahesabu gharama ya kuinama. Ukimaliza, utakuwa umejifunza mengi zaidi juu ya uchumi wa siasa wa miaka ile kuliko kwa muhtasari wowote, na bado hutakuwa umeamua nani alikuwa sahihi.

Kwa Zanzibar kazi hiyo imekwishafanywa na mhariri. Mwaka 2009 G. Thomas Burgess alitoa kitabu kimoja chenye simulizi mbili: ya Ali Sultan Issa, mkomunisti aliyekuwa waziri katika serikali ya Karume na baadaye akaingia kwenye biashara ya hoteli, na ya huyohuyo Seif Sharif. Mapinduzi ni yaleyale, visiwa ni vilevile. Kwa mmoja ni mlango uliofunguka, kwa mwingine ni mlango uliofungwa usoni. Mwanafunzi kutoka bara akikisoma husema kinachanganya. Mwanafunzi kutoka visiwani mara nyingi huwa anajua kabla ya kukifungua ni nusu ipi atakayokubaliana nayo, na hapo ndipo ninapomwomba aanze na nusu ile nyingine.

Nyaraka zinapendwa kidogo kuliko vitu vyote. Katiba wanaijua kwa ibara mbili tatu zinazobishaniwa mitandaoni, hasa ya 41(7), ile inayozuia mahakama kuchunguza matokeo ya uchaguzi wa rais yaliyokwishatangazwa. Hansard, yaani kumbukumbu za mijadala ya Bunge, wachache wanaifungua. Ripoti za tume hazisomwi kabisa, zinanukuliwa tu. Mfano mzuri ni ripoti ya Tume ya Nyalali, iliyoundwa mwaka 1991 kukusanya maoni juu ya mfumo wa vyama. Kila desa linasema kwamba karibu asilimia 80 ya waliotoa maoni walitaka chama kimoja kiendelee, na kwamba tume ikapendekeza vyama vingi hata hivyo. Basi, hoja inaishia hapo, kama fumbo la kuchekesha. Aliyekwenda kwenye ripoti yenyewe anakuta kwamba wengi miongoni mwa hao waliotaka chama kimoja walitaka kirekebishwe, na kirekebishwe sana. Ukisoma malalamiko yao unaona kwa nini majaji na wenzao hawakuridhika na hesabu ya vichwa. Anakuta pia orodha ya sheria 40 ambazo tume iliziona kuwa kandamizi na kutaka zifutwe au zirekebishwe, pamoja na ile ya kuwaweka watu kizuizini ya 1962 na Sheria ya Magazeti ya 1976.

Vyama vingi viliruhusiwa kisheria Julai 1992. Orodha ya sheria 40 ikabaki kwenye rafu. Wapo wanafunzi, si wengi, ambao huichukua ile orodha na kalamu, wakaketi chumba cha East Africana maktabani, ambako vitabu havitoki nje, na kuipitia sheria moja baada ya nyingine kuona ipi imekufa, ipi imezeeka bila kufutwa, na ipi imevaa jina jipya. Wakifika kwenye Sheria ya Magazeti wanaona kwamba nafasi yake ilichukuliwa na Sheria ya Huduma za Habari ya 2016. Wanafungua sheria hiyo mpya kama ilivyopitishwa, wanashuka mpaka kifungu cha 59, wanakuta waziri amepewa uwezo wa kuzuia chapisho kwa sababu za usalama wa taifa. Hapo wanaweka vitabu viwili mezani, cha 1976 na cha 2016, wanalinganisha neno kwa neno. Kisha wanatafuta Hansard ya Novemba 2016 kuona mbunge wao alisema nini siku hiyo, kama alisema.